Walifaulu kupita kiasi, mlango ukafungwa: Kisa cha wanafunzi wa Kiazteki

Hebu tazama sahani yako ya leo mchana. Kama uko kibandani na umeongezewa kipande cha avokado juu ya githeri, jua umelitamka neno la Kinahuatl bila kujijua. Jina avokado lilitokana na ahuacatl, neno la watu waliotawala bonde la Mexico miaka 500 hivi iliyopita. Hata hayo mahindi ya githeri, asili yake ni huko huko Mexico.

Watu hao ni Waazteki. Najua jina hilo likitajwa unaona zile sinema: piramidi, kuhani mwenye kisu, damu ikitiririka ngazini. Sitakudanganya, kafara za watu zilikuwepo. Lakini kuna jambo ambalo sinema hazikuonyeshi, na mimi mwenyewe nililijua nikiwa nimekaa tu nyumbani, miezi kadhaa baada ya kuacha chuo. Hawa watu walikuwa na shule. Na si ya wana wa mfalme peke yao. Shule kila mtaa.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa kupatikana, muhula ukapita, mwingine ukapita, nikaona nisijidanganye. Nilipofika nyumbani na begi langu, mathe hakufoka. Alinipakulia chakula, akakaa, akauliza swali moja: "Sasa mwanangu, utakuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma kuhusu shule za watu wengine, nikitaka kujua shule ni mali ya nani hasa. Nikaishia Mexico. Kaa hapo nikusimulie nilichokikuta.

Shule kila mtaa

Mji mkuu wa Waazteki uliitwa Tenochtitlan. Ulianzishwa mwaka wa 1325 kwenye kisiwa katikati ya ziwa, mahali lilipo jiji la Mexico City leo. Wenyewe walijiita Mexica, na hiyo x waliitamka sh. Mji uligawanywa katika mitaa iliyoitwa calpulli, na kila mtaa ulikuwa na telpochcalli yake, maana yake nyumba ya vijana. Kando na hiyo kulikuwa na calmecac, shule iliyoshikamana na hekalu. Huko walisomea hasa watoto wa wakubwa, pamoja na baadhi ya watoto wa watu wa kawaida walioonekana kuwa na mwito wa ukuhani.

Lile swali la mathe, wao walilijibu mapema sana. Mtoto akizaliwa, mkunga alimhutubia wakati wa kumkata kitovu, akimweleza kazi iliyomleta duniani. Kama ni mvulana, kitovu walikabidhiwa wapiganaji wakakizike kwenye uwanja wa vita. Kama ni msichana, kilizikwa nyumbani, kando ya meko. Kisha wazazi walimwahidi mtoto kwa shule moja au nyingine kabla hata hajajua kutambaa. Utakuwa nani? Tulia, ushaambiwa.

Kuna kitabu cha picha kinachoitwa Codex Mendoza, kilichochorwa na wasanii wenyeji karibu mwaka wa 1541. Siku hizi kinahifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, Uingereza. Ndani yake wamechora malezi ya mtoto mwaka baada ya mwaka, hadi kipimo cha chakula. Mtoto wa miaka mitatu anapewa nusu tortilla kwa mlo. Tortilla fikiria chapati nyembamba ya unga wa mahindi. Akiwa na miaka minne na mitano anapewa moja. Sita, moja na nusu. Hapo anakwama mpaka afike miaka 13, ndipo anapandishwa hadi mbili. Ushawahi kuona mzazi anayepima hivyo?

Kazi nazo zilipanda ngazi. Mvulana wa miaka minne anatumwa maji, wa mitano anabeba kuni kidogo, wa saba anafundishwa kuvua samaki kwa wavu. Msichana wa miaka minne anaonyeshwa vifaa vya kusokota uzi, wa 13 anasaga mahindi, wa 14 anafuma kitambaa.

Sasa adhabu. Ukidhani kiboko cha mwalimu wako wa zamu kilikuwa kikali, ngoja. Mtoto wa miaka minane anatishwa kwa miiba ya maguey, mmea ulio ndugu wa mkonge huu unaouona ukipita Taita kwenye barabara ya Mombasa. Akifika tisa na bado ni mkaidi, anachomwa nayo. Kumi, fimbo. Kumi na moja, anashikiliwa juu ya moshi wa pilipili inayoungua. Manze, pilipili! Mvulana wa miaka 12 asiyesikia anafungwa mikono na miguu na kulazwa kwenye ardhi yenye maji siku nzima.

Halafu kitabu kinaonyesha kijana wa miaka 15 akikabidhiwa kwa walimu. Hapo njia zinagawanyika.

Wa telpochcalli walilala shuleni na kwenda kula makwao. Walifagia, walibeba kuni kutoka msituni, walitengeneza mifereji na kuta za mji. Walijifunza vita kwa kubebea wapiganaji mizigo kwanza, kisha silaha. Mvulana alifugwa shungi la nywele kisogoni tangu akiwa na miaka kumi, na halikukatwa hadi ashiriki kumkamata mateka vitani. Yaani ukitembea mtaani, nywele zako zinatangaza matokeo yako ya mtihani. Kila mtu anaona.

Wa calmecac hawakuwa na starehe zaidi, ingawa wengi walikuwa wa koo kubwa. Waliamshwa usiku wa manane kusali na kuoga maji baridi. Walifunga. Walijitoboa miili kwa miiba wakatoe damu kwa miungu. Na hapo katikati ya mateso hayo ndipo walipofundishwa mambo ambayo leo tungeyaita masomo ya chuo: historia, sheria, nyimbo takatifu, hotuba, nyota, na hesabu ya kalenda mbili, moja ya siku 260 na nyingine ya siku 365, ambazo hukutana upya kila baada ya miaka 52.

Walisoma vitabu pia, vitabu vya picha na alama vilivyokunjwa kama feni. Mwalimu alifungua ukurasa na kuusimulia kwa sauti, mwanafunzi akaushika kichwani. Kwa Kinahuatl, ukitaka kusema elimu ulisema "wino mweusi, wino mwekundu", kwa sababu ndizo rangi za vitabu hivyo. Shika hilo jina, tutalirudia.

Kulikuwa na mahali pa tatu: cuicacalli, nyumba ya nyimbo. Jioni, wavulana na wasichana walikusanyika hapo kufundishwa kuimba na kucheza ngoma. Usione ni burudani tu. Ndani ya nyimbo hizo kulikuwa na historia ya taifa, majina ya miungu na maadili. Msichana aliyekosa mlango wa mafunzo ya vita hakukosa mlango huu. Na baadhi ya wasichana walitumikia hekaluni, wakalelewa na makuhani wa kike.

José de Acosta, kasisi Mhispania aliyeandika mwaka wa 1590, alikiri kuwa hakuna jambo lililomshangaza kwa watu wa Mexico kama bidii na utaratibu wao wa kulea watoto. Huyo si shabiki wa dini yao, elewa. Ni mtu wa upande wa pili.

Usidhani ilikuwa peponi

Najua tunavyopenda kusema mambo ya kale yote yalikuwa matamu. Tusidanganyane. Shule ile ilikuwa mashine ya dola. Ilitaka wapiganaji, na wapiganaji walitakiwa walete mateka, na mateka wengine waliishia juu ya lile piramidi. Mtoto wa mtaa angeweza kupanda cheo kwa ushujaa, lakini vyeo vya juu kabisa vililindwa na wenyewe. Na kijana wa shule akikutwa amelewa pombe ya maguey, adhabu yake ingeweza kuwa kifo.

Tena wao wenyewe walichoma vitabu. Itzcoatl, mtawala aliyewaongoza Mexica kupindua wakubwa wao wa Azcapotzalco mwaka wa 1428, aliamuru vitabu vya zamani vya historia viteketezwe. Maelezo yaliyobaki ni kwamba haikufaa kila mtu ajue yaliyomo. Alitaka historia ianze upya, naye akiwa katikati.

Kwa hivyo kabla Mhispania hajafika, tayari palikuwa na mtu aliyeogopa watu kujua mengi. Woga huo hauna kabila.

Mji unaanguka

Hernán Cortés alifika pwani ya Mexico mwaka wa 1519. Mwaka uliofuata ndui ikaingia, ugonjwa ambao miili ya wenyeji haikuwahi kuujua, ikafyeka watu wengi ajabu. Wahispania hawakupigana peke yao. Walikuwa na maelfu kwa maelfu ya wapiganaji wenyeji, hasa wa Tlaxcala, waliokuwa wamechoka na ubabe wa Tenochtitlan. Baada ya mji kuzingirwa kwa zaidi ya siku 70, uliangushwa tarehe 13 Agosti 1521.

Shule zilianguka na mahekalu. Ingekuwaje zibaki? Walimu wa calmecac walikuwa makuhani, na dini yao sasa ilikuwa hatia. Vitabu vikachomwa tena, safari hii na watawa walioona shetani kwenye kila picha.

Halafu watawa hao hao wakafungua shule zao.

Wa kwanza kujulikana ni Pedro de Gante, bradha Mfransisko kutoka Flanders, aliyefika mwaka wa 1523 na kuanzia Texcoco. Baadaye akafungua shule kubwa Mexico City iliyofundisha kusoma, kuandika, muziki na kazi za mikono. Alijifunza Kinahuatl, akafundisha kwa Kinahuatl. Mwaka wa 1524 wakafika Wafransisko wengine 12, nao wakaja na mpango: wachukueni watoto wa machifu, mkimpata mtoto mmempata baba, mkimpata baba mmepata kijiji.

Hapa kuna kisa kinachonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Mtawa Mendieta, aliyeandika historia ya kazi hiyo, anasimulia kwamba baadhi ya wakubwa hawakuwaamini wageni. Wakaficha watoto wao halisi na kupeleka watoto wa watumishi, wakiwa wamevikwa vizuri. Watawa hawakujua. Watoto wa watumishi wakasoma, wakaelimika, na miaka ikapita. Serikali mpya ilipotafuta watu wa kushika uongozi wa miji, ilikuta wanaojua kusoma na kuandika ni kina nani? Wale wale watoto wa jikoni. Wakawa watawala wa mabwana zao wa jana.

Lakini si visa vyote ni vya kucheka. Wanafunzi walitumwa wakavunje sanamu za miungu na kufichua ibada za siri, wakati mwingine za wazazi wao wenyewe. Huko Tlaxcala, mwaka wa 1527, mvulana aliyeitwa Cristóbal aliuawa na baba yake mzazi baada ya kuvunja sanamu za nyumbani. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka wa 2017 pamoja na wavulana wengine wawili. Soma kisa hicho vile utakavyo, ila usimsahau mtoto aliyesimama katikati ya baba na mwalimu, kila mmoja akimwambia yeye ni nani.

Wasichana walipata shule za muda mfupi. Miaka ya 1530 wanawake waliletwa kutoka Uhispania kuwafundisha dini na kazi za nyumbani, lakini mradi huo haukudumu. Kilatini hakikuwa chao.

Tlatelolco

Sasa tufike mahali palipoufanya moyo wangu usimame.

Tarehe 6 Januari 1536, upande wa kaskazini wa mji, kilifunguliwa Chuo cha Santa Cruz cha Tlatelolco. Waliokiunga mkono ni wakubwa wawili: Antonio de Mendoza, mwakilishi wa mfalme, na Askofu Juan de Zumárraga. Wanafunzi walikuwa wavulana wenyeji wa miaka 10 hadi 12 hivi, kutoka miji mbalimbali. Walilala pamoja, walisali pamoja, na walifundishwa elimu ya juu ya Ulaya ya wakati huo: sarufi ya Kilatini, ufasaha wa kuhutubia, mantiki, falsafa, muziki, na tiba ya wenyeji. Tumaini la wengi lilikuwa kwamba siku moja watatoka mapadri wa kwanza wenyeji.

Bernardino de Sahagún, mtawa aliyefundisha hapo, aliacha maelezo. Anasema Wahispania waliposikia Waindio, kama walivyowaita, wanafundishwa Kilatini, walicheka. Waliona ni kazi bure, hao hawana akili hiyo. Miaka miwili mitatu ikapita. Wavulana wakawa wanaelewa Kilatini, wanakizungumza, wanakiandika, hadi wanatunga mashairi kwa Kilatini.

Kicheko kikaisha. Unajua kilichofuata?

Malalamiko. Wale waliosema hawawezi sasa wakauliza: kwa nini mnawafundisha? Walidai ni hatari, kwamba wakisoma Maandiko wenyewe watagundua kuwa mababu wa Biblia walikuwa na wake wengi kama mababu zao, halafu mtawajibu nini? Mwaka wa 1541 Mhispania aliyeitwa Jerónimo López alimwandikia mfalme akilalamika kuwa vijana hao wanaongea Kilatini kizuri kama cha Cicero, na kwamba elimu waliyopewa ni jambo la hatari. Soma tena. Hakulalamika kwamba wameshindwa. Alilalamika kwamba wamefaulu.

Mwaka wa 1555 baraza la kanisa lilikaa Mexico na kuamua wenyeji wasipewe daraja la upadri. Mlango uliokuwa kisingizio cha kujengwa kwa chuo ukapigwa komeo. Vijana wanajua Kilatini kuliko makasisi wengine, lakini kanisani nafasi yao ni kuimba na kufagia.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikaketi kimya. Usinielewe vibaya. Mimi sikutolewa chuoni kwa kuwa na akili nyingi mno, nilishindwa na karo. Lakini nilikuwa nimeamini kwamba anayebaki nje ya mlango daima ni yule aliyeshindwa mtihani. Kumbe kuna wakati mtu anapita mtihani, halafu wenye mlango wanabadilisha kufuli.

Walichofanya na wino

Ingekuwa mimi ningekata tamaa. Wao walifanya nini? Waliandika.

Mwaka wa 1552, mganga mwenyeji wa chuo hicho, Martín de la Cruz, aliorodhesha dawa za mitishamba za kwao. Mwenzake Juan Badiano akazitafsiri kwa Kilatini. Kitabu kikachorwa picha za mimea kwa rangi, kikapelekwa Uhispania. Baadaye kilifika Vatikani, na mwaka wa 1990 Papa Yohane Paulo II alikirudisha Mexico. Fikiria: maarifa ya mganga mwenyeji yaliyoandikwa kwa lugha ya juu kabisa ya waliomshinda.

Kazi kubwa zaidi ilikuja kupitia Sahagún. Alitaka kuijua dini ya zamani ili aipige vita, hakuficha hilo. Lakini hakuweza kazi hiyo peke yake. Aliwategemea wanafunzi wake wa zamani, wajuzi wa Kinahuatl, Kihispania na Kilatini: Antonio Valeriano wa Azcapotzalco, Martín Jacobita, Alonso Vegerano na Pedro de San Buenaventura. Wazee waliulizwa maswali, wakajibu kwa kuchora kama walivyozoea, na vijana wakaandika maelezo yake kwa herufi. Waliuliza kuhusu miungu, nyota, ndege, mimea, mchuuzi mwaminifu na mchuuzi tapeli sokoni, na maneno ambayo baba humwambia mwanawe anapokua.

Kazi hiyo ikawa vitabu 12 vyenye picha karibu 2,500, safu moja Kinahuatl na nyingine Kihispania. Leo inaitwa Kodeksi ya Florence. Kitabu cha 12 kinasimulia kuanguka kwa mji, kwa Kinahuatl, kama walioshindwa walivyokumbuka.

Sasa ngoja nikwambie kitu. Mambo mengi niliyokusimulia hapo juu, telpochcalli, maji baridi ya usiku, hotuba ya mkunga, lile shungi la nywele, tunayajua kwa sababu ya kazi hii. Shule ya pili ilijengwa kuizika shule ya kwanza. Wanafunzi wa shule ya pili ndio walioifukua.

Na waliifanya kazi hiyo kifo kikiwa mlangoni. Wakati wa tauni ya mwaka wa 1545, Sahagún anasema alizika zaidi ya watu 10,000 Tlatelolco. Mwaka wa 1576 tauni nyingine ikaja, wakati waandishi na wachoraji wanakamilisha kodeksi. Picha nyingi za sehemu za mwisho hazina rangi, na wataalamu huhusisha jambo hilo na tauni hiyo. Wino mweusi, wino mwekundu, unakumbuka? Kwenye kurasa nyingi za mwisho ulibaki mweusi peke yake. Hawakuweka kalamu chini.

Mwaka wa 1577 Mfalme Philip II wa Uhispania alitoa amri: maandishi ya Sahagún yakusanywe na kupelekwa kwake, na mtu yeyote asiandike tena kuhusu ibada na desturi za wenyeji kwa lugha yoyote. Kodeksi ikaishia Italia, katika maktaba ya Laurenziana mjini Florence, ambako imo hadi leo.

Chuo chenyewe kilidhoofika. Kwa miaka kadhaa kiliendeshwa na wanafunzi wake wa zamani, lakini tauni na ukosefu wa fedha vikakimaliza, mwishowe kikabaki cha kufundishia watoto kusoma tu. Karne mbili baadaye, mwaka wa 1770, Mfalme Charles III akaagiza lugha za wenyeji zikomeshwe, Kihispania pekee kitumike.

Zilikoma? Sensa ya Mexico ya mwaka wa 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.6 wanaozungumza Kinahuatl.

Na yule Antonio Valeriano? Hakuwa padri, hilo alinyimwa. Lakini alikuwa gavana wa wenyeji wa Mexico City kwa zaidi ya miaka 20, akafariki mwaka wa 1605. Mwanahistoria Mnahua Tezozomoc anaandika kwamba hakuwa wa damu ya kifalme. Alikuwa msomi tu.

Swali la mathe

Siku hizi nashinda kwenye saiba moja mtaani kwetu. Nawaandikia watu wasifu wa kutafuta kazi, barua za kuomba basari, wakati mwingine hotuba za mazishi. Usiku naandika haya unayoyasoma. Si maisha niliyoyachora nikiwa kidato cha nne, lakini kalamu haijanitoka mkononi.

Shule ya msingi niliyosomea ilituvisha kibao shingoni ukiongea lugha ya mama. Nilikivaa mara nyingi, mwishowe nikanyamaza, na lugha ikaanza kunipotea. Likizo iliyopita nilienda kwa shosho na daftari la shilingi 40. Nikamwambia, "Shosho, nitajie majina ya miti yote unayoijua, na kazi ya kila mmoja." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake baada ya miaka mingi. Tulikaa mpaka giza likaingia. Nimeandika miti 31. Anasema bado.

Mathe aliposikia, hakuuliza tena nitakuwa nani. Aliuliza, "Umemuuliza kuhusu ule mti wa kando ya mto?"

Sikuwa nimeuliza. Mwezi ujao narudi.

Sikuambii uache shule. Kama una nafasi, ng'ang'ana nayo, kwa sababu wale vijana wasingeandika chochote bila herufi walizofundishwa. Ninachokuomba ni hiki: mlango ukifungwa, usiiache elimu uliyokwisha kuipata ilale. Kuna mzee nyumbani kwenu ana kitabu kizima kichwani, na anayeweza kukiandika ni wewe. Utamuuliza lini?